Kauli ya Mtani

Kandidus Gama aliletwa Kituo cha Mishipa cha Matogoro akiwa bado amevaa koti lake la sherehe, lile la zambarau lenye vifungo vya shaba, kwa sababu kiharusi kilimkuta kazini. Alikuwa mshereheshaji wa harusi, tena yule ambaye Songea nzima ilisema harusi bila yeye ni kikao cha shule. Siku hiyo alikuwa anawatambulisha wakwe. Alishasema, "Na sasa, mabibi na mabwana, naomba mpokee kwa vigelegele," halafu akanyamaza. Watu wakacheka, wakidhani ni mbwembwe zake. Akaendelea kunyamaza, nao wakaendelea kucheka mpaka alipoanguka juu ya meza ya keki.

Hilo la kucheka ndilo lililomuuma Dkt. Vaileth Kihwele kuliko yote aliyosimuliwa na walioleta mgonjwa.

Vaileth alikuwa Mhehe wa Iringa na Kandidus Mngoni wa Songea, na mtu yeyote wa kusini anajua maana yake. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, na wajukuu wakaigeuza ile vita kuwa utani. Tangu Vaileth ahamie Songea, Kandidus hajawahi kumsalimia kama binadamu wanavyosalimiana. Humjia kimyakimya, akachomoa kalamu kwenye mfuko wa koti lake la kidaktari na kutangaza, "Mateka! Mhehe akitaka silaha yake alete kuku." Mama yake Vaileth alipofariki, Kandidus alisafiri mpaka Iringa, akajilaza chini mlangoni, jeneza lisitoke mpaka wafiwa wampe kitu ndipo apishe. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Vaileth alicheka huku machozi yanamtoka, na hakusahau nani alimpa kicheko kile.

Sasa mtani mwenyewe alikuwa kitandani. Mkono wa kulia ulikuwa mzito, mdomo umevutwa upande, na katika maneno yote aliyokuwa nayo lilibaki moja: "Ta." Ukimwuliza kama anaumwa, anaitikia kwa kichwa. Ukimwuliza kama haumwi, anaitikia vilevile. Maneno marefu hayakumfikia tena.

Vaileth aliinama amchunguze macho. Mkono wa kushoto wa Kandidus ukainuka taratibu, ukatafuta mfuko wa koti, ukachomoa kalamu.

"Ta," alisema.

Mkewe Gaudensia, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda, aliangua kilio.

Ilibidi Vaileth ajifanye anasoma kitu kwenye shuka. Shuka za kituo kile zilikuwa zinapima zenyewe: pindo liliwaka rangi kufuatana na damu ilivyokwenda kichwani, na sasa lilikuwa la kijivu upande mzima wa kushoto.

"Dada Gaudensia," aliuliza, "huyu alikuwa anatokwa na damu puani?"

"Tangu nimjue. Hata siku ya harusi yetu. Anasema ni sifa zimemjaa zinatafuta pa kutokea. Na marehemu baba yake alikuwa hivyo hivyo."

Vaileth aliufungua mdomo wa mgonjwa kwa kijiko cha mti. Kwenye ulimi na ndani ya mdomo wa chini palikuwa na vidoa vyekundu, vidogo kama vichwa vya pini. Mashine ilikuwa bado haijawashwa, lakini yeye alishajua watakachokikuta.

* * *

Wodini walikiita njia ya panya. Damu chafu inayorudi moyoni husukumwa mapafuni kwanza, nayo mapafu, pamoja na kazi ya pumzi, ni chujio. Donge dogo la damu lililotoka mguuni hunaswa humo, likayeyuka, na mwenye mwili asijue kama jana aliponea chupuchupu. Lakini wako watu ambao mishipa yao imeungana pasipotakiwa. Wengine wana tundu kati ya vyumba vya moyo. Wengine, hasa waliorithi ugonjwa wa kutokwa damu puani na vidoa vyekundu mdomoni, ndani ya pafu lenyewe mshipa unaopeleka umeshikana na mshipa unaorudisha, damu ikapita bila kuchujwa. Kwa watu hao, donge la mguuni hufika kichwani.

Zamani madaktari walitikisa maji ya chumvi mpaka yakatoa mapovu, wakayadunga mkononi na kungoja kama povu lolote litasikika kichwani. Matogoro walitumia mbegu. Zilikuwa chembe zisizoonekana kwa macho, zenye kuvuma, nazo mashine iliyoitwa Msikilizaji ilizifuata kwa kofia ya waya. Mbegu zikinyamaza zote, mapafu yamezinasa. Zikivuma kichwani mapema, tundu liko moyoni. Zikichelewa mapigo kadhaa, njia iko pafuni.

Jambo moja waliozitengeneza hawakulikusudia. Mbegu zilizopenya mpaka kwenye ubongo uliozimika ziliuamsha kwa dakika chache. Aliyekuwa bubu akaongea, akaelewa kila kitu, halafu akazimika tena. Kuzidunga moja kwa moja kwenye mshipa wa shingo kulishajaribiwa, na waliojaribiwa walizikwa. Zilikubali kupita chache chache tu, kwa ile njia mbovu, na donge nalo likapita hapo hapo. Kabla ya Sheria ya Kauli, familia zilikuwa zinawapeleka wagonjwa wao kudungwa kila juma ili wasikie sauti. Watu wakafa katikati ya sentensi.

Sheria ikasema hivi: mgonjwa aamshwe mara moja, aulizwe mwenyewe. Akitaka njia ifungwe, itafungwa. Ataishi, lakini hakuna mbegu itakayofika kichwani tena. Akitaka iachwe wazi, atakuja kila baada ya miezi mitatu, aongee dakika zake, mpaka siku donge litakapomfuata. Wengi wa hao hawakumaliza mwaka wa pili.

Swali lilitakiwa kuulizwa na daktari. Dkt. Mushi, Mchaga wa Kibosho asiye na utani na mtu yeyote pale wodini, alimvuta Vaileth pembeni.

"Nimuulize mimi? Wewe ni mtu wake."

"Ndiyo maana nimuulize mimi."

"Vaileth, mtani hamuulizi mtani mambo ya kufa."

"Mushi, wewe utamwelewa Mngoni?" alijibu, na kulikuwa na majivuno kidogo katika jibu hilo. Ukweli ni kwamba alitaka kuisikia ile sauti. Alitaka aambiwe alete kuku.

* * *

Mgonjwa alitakiwa akaze pumzi wakati mbegu zinaingia, na kwa kuwa maneno hayamfikii, Vaileth alimwonyesha: alivimbisha mashavu, akajikamua kama mtu anayenyanyua gunia la mahindi. Kandidus alimtazama kwa jicho lililojaa kejeli, halafu akamwiga. Sindano ikazama.

Moyo ulipiga. Kofia ilikuwa kimya. Ukapiga tena, na tena. Vaileth alianza kutumaini kipumbavu. Kisha akausikia kwenye vipokea sauti vya masikioni, mdogo sana, mvumo mmoja, halafu miwili, halafu kundi zima.

"Zimechelewa," alisema Msikilizaji kwa ile sauti yake isiyo ya mahali popote. "Moyo hauna tundu. Muungano uko pafu la kulia, sehemu ya chini."

Pindo la shuka likageuka kutoka kijivu kuwa kijani. Kandidus alipepesa macho. Alilamba midomo, akajitazama kifuani.

"Nani kanivua koti?"

Gaudensia aliziba mdomo kwa kanga.

"Mngoni," Vaileth alisema. "Umerudi?"

"Kumbe ni wewe. Nafumbua macho namwona Mhehe kashika sindano, nikasema basi, leo wanalipiza."

"Tulipize nini kwa watu waliokimbia?"

"Tulikimbia, ndiyo. Tulikuwa tunawafukuza ninyi mliokuwa mbele."

Hata Dkt. Mushi alicheka nyuma ya kioo. Ilikuwa sauti ile ile nene ya ukumbini, na Vaileth aliifurahia kupita kiasi. Alijua dakika zinakwenda, lakini hakuweza kuukata utani kati; mtu wa kwao hawezi. Alijibu, akajibiwa, akajibu tena. Pindo la shuka lilipoanza kugeuka manjano ndipo alipomshika mkono.

"Sikiliza sasa, sitanii."

"Mhehe asiyetania ni mgonjwa. Lala hapa nikudunge mimi."

"Kandidus." Hakuwahi kumwita kwa jina. "Una njia ya panya pafuni. Ndiyo iliyopeleka donge kichwani. Nikiifunga, utaishi, lakini hutaongea tena. Nikiiacha, utakuja hapa kila baada ya miezi mitatu, utaongea kidogo kama hivi, na siku moja donge litakuua. Pengine mwaka huu. Unasemaje?"

 Kitu kilipita usoni mwa Kandidus, na Vaileth alikiona: kilikuwa uso wa mtu anayehesabu. Kisha pembe ya mdomo ikapanda.

"Umeona njia ya panya kwa Mngoni, unataka kuiziba. Tutakula nini sasa?"

Walicheka wote, maana Wangoni hutaniwa kwa kula panya, Gaudensia akicheka na kulia kwa pamoja.

"Acheni wazi, bwana," alisema. "Mhehe akinifungia mimi, siku akifa yeye nani atakwenda kulala mlangoni?"

Halafu akamgeukia mkewe, na kicheko hakikuwamo tena usoni.

"Mama Melania, sogea. Kuna kitu nilitaka kukwambia, tangu siku nyingi."

"Nipo, baba. Sema."

"Siku ile tulipotoka Mbinga, wewe ulikaa dirishani, mimi nika... nika ta." Alikunja uso. "Ta. Ta."

Pindo la shuka lilikuwa limerudi kijivu.

* * *

"Kauli imepokelewa: wazi," Msikilizaji alisema. "Ina dalili za mzaha. Ili itenguliwe, mashahidi wawili wanaomfahamu mgonjwa wathibitishe kwamba hakuitamka kwa dhati. Taarifa nyingine: lipo donge katika mshipa wa paja la kushoto. Ncha yake imeanza kulegea."

Kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya kwenda nyumbani kulala na kufikiri. Walikaa ukumbini kwenye benchi la plastiki, daktari na mke. Dirishani mapanga ya umeme wa upepo yalikuwa yanazunguka juu ya mlima, polepole, kama siku zote.

"Dada Vaileth, mimi ni Mmatengo," Gaudensia alisema. "Kwetu mtu akisema analima, analima. Huo utani wenu sijawahi kuuelewa. Nilikuwa namuuliza, 'Hapo umesema kweli au umetania?' Anacheka tu. Wewe ndiye unayemjua upande huo. Nieleze. Alitania?"

Vaileth alitazama mikono yake. Hakujua, na kutojua huko kulimtia hofu. Utani ndivyo ulivyo: humo mtu anaweza kukwambia ukweli mchungu kuliko wote, na wewe huna haki ya kuushika. Mtani haapishwi. Angeulizwa na Mushi, Kandidus angejibu kama watu wazima wanavyojibu. Lakini aliyeinama juu yake alikuwa Mhehe, na Mngoni akikutana na Mhehe hurusha utani kwanza, mengine baadaye. Baadaye yenyewe haikufika.

Ule uso wa kuhesabu ulimrudia. Akalikumbuka na donge, lililoning'inia pajani.

"Alitania," alisema.

"Una hakika?"

"Umemsikia mwenyewe. Panya, mara kulala mlangoni. Mtu anayechagua kufa hasemi hivyo."

Gaudensia alikunja ncha ya kanga, akaikunjua.

"Na lile alilotaka kuniambia?"

"Hatutalisikia tena."

"Niamshie mara moja. Moja tu, dada, kisha funga. Nikae dirishani, halafu yeye afanye nini? Nitaishi vipi na maneno yaliyokatika hivyo?"

"Nikimwamsha sasa itabidi akaze pumzi, na donge litang'oka. Utasikia nusu nyingine ya neno, na utabaki na maiti."

Mama yule alilia kwa muda, bila sauti, kama wanavyolia watu waliozoea kulia jikoni watoto wasijue. Alipomaliza alijifuta uso.

"Basi alitania," alisema. "Namtaka hai. Hata akinyamaza nitakuwa nampikia mtu."

Waliweka viganja vyao kwenye kioo cha ushahidi, kimoja baada ya kingine. Kioo hakikuuliza kama wanayaamini wanayoyathibitisha.

Vaileth aliifunga njia mwenyewe. Uzi uliingilia kinenani, ukapanda na mshipa mpaka pafuni, ukajisuka mahali pa muungano mpaka damu ikageuka na kupita ilikopaswa kupita tangu Kandidus azaliwe. Lile donge likayeyushwa baada ya hapo, maana kuliyeyusha njia ikiwa wazi kungeling'oa. Baadaye alimweleza mgonjwa kwa ishara, akimwekea ngumi kifuani na kuifunika kwa kiganja: tumefunga. Kandidus akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anaitikia kila kitu.

* * *

Miezi mitatu baadaye alirudishwa kwa kipimo cha kuthibitisha. Ni kipimo kile kile, kwa mbegu zile zile. Tofauti ni kwamba safari hii daktari anaomba asisikie chochote.

Vaileth alimwona akitoka kwenye gari lisilo na dereva, akakwama pale pale alipokuwa amesimama. Kandidus alivaa koti la zambarau. Vifungo vya shaba viling'aa. Alikuwa amenyolewa vizuri, na kwenye mfuko wa kifuani palichomekwa kitambaa cheupe.

"Amelitoa kabatini mwenyewe," Gaudensia alieleza. "Kwa huo mkono mmoja. Tangu juma lililopita ananionyesha kalenda, ananionyesha koti. Nikamfulia, nikampigia pasi. Jana amesugua vifungo kutwa nzima. Nilidhani anataka kupendeza tu kwa ajili yako."

Vaileth alivitazama vile vifungo. Kila baada ya miezi mitatu, utaongea kidogo kama hivi. Alimwambia maneno hayo yeye mwenyewe, katika zile dakika ambazo mgonjwa alielewa kila kitu, na Kandidus akayahifadhi mahali ambapo kiharusi hakikufika. Ngumi na kiganja hakuvielewa. Alikuwa amechagua, akangoja siku yake, na sasa amekuja kuongea. Mtu aliyetania hasugui vifungo.

"Dada, mbona umebadilika?"

"Si kitu," alisema Vaileth, na alitamani ardhi impokee. "Tumlaze."

Kandidus hakukubali kuvuliwa koti. Walikunja mkono wa koti tu. Kofia ilipovishwa, alikaza pumzi kabla ya kuonyeshwa, akavimbisha mashavu kwa bidii kama mwanafunzi aliyejifunza somo lake. Sindano ikazama. Akaachia pumzi, akamvuta Gaudensia kwa mkono wa kushoto mpaka sikio lake likawa karibu na mdomo wake. Alilamba midomo. Alinyoosha ukosi wa koti. Vaileth aliwahi kumwona akifanya hivyo mara nyingi, nyuma ya pazia, kabla hajapewa kipaza sauti.

Moyo ulipiga. Vaileth alisikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu awe daktari aliomba asikie mvumo, hata mmoja, hata kama ungekuwa na maana kwamba kazi yake imeharibika. Moyo ukapiga, ukapiga, ukapita pale ambapo mara ya kwanza mbegu zilianza kuimba, ukaenda zake. Kofia ilikuwa kimya kabisa.

"Safi," alisema Msikilizaji. "Hakuna kilichopita. Hongera, daktari."

Kandidus alibaki amefungua mdomo. Alingoja. Pindo la shuka lilikuwa kijivu, na alilitazama, kwa kuwa alikumbuka hata hilo, kwamba litageuka kijani.

"Ta," alisema. "Ta. Ta."

Gaudensia alimshika shavu. "Nipo, baba. Nimekaa dirishani. Nakumbuka."

"Ta."

Kisha akageuza kichwa, akamtazama Vaileth. Hapakuwa na hasira machoni, na laiti ingekuwepo. Alitazama ile kofia, akatazama kifua chake mwenyewe, akaweka kiganja pale pale ambapo siku moja mtani wake aliweka ngumi. Sasa alikuwa ameelewa.

Vaileth alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alijua hana haki, lakini aliinama kidogo, mfuko wa koti ukawa karibu na mkono ule wa kushoto, kalamu ikichungulia. Mkono haukuinuka. Aliinama zaidi. Mwishowe aliichomoa mwenyewe, akailaza juu ya shuka, mbele ya vidole vyake.

"Mateka, Mngoni," alisema. "Nitaleta kuku. Nitaleta hata wawili."

Kandidus aliichukua kalamu. Aliitazama. Akaipachika kati ya vidole vya mkono wake wa kulia, ule uliokufa, akavibana vidole hivyo kimoja kimoja. Kisha akaushika mkono ule kwenye kiwiko kwa mkono wa kushoto, akaunyanyua kwa shida mpaka kwa Vaileth, akampa kalamu yake kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, kama mtu anavyompa mgeni anayemheshimu, si mtani.

Vaileth akaipokea. Halikubaki la kusema ila lile linaloambiwa watu wote.

"Asante, mzee Gama."